Njia za Kufikia Ufuo: Historia ya Mapumziko ya Gharama Nafuu katika Pwani ya Kenya

Miongoni mwa desturi zilizoota mizizi nchini Kenya tangu uhuru, ile ya marafiki wa bara kuchanga fedha, kushuka Mombasa na kukaa siku chache kando ya bahari haijapata bado mwandishi wa kuitendea haki. Vitabu vya utalii vimehesabu vitanda vya hoteli na fedha za kigeni, na historia za reli zimetosheka na simba wa Tsavo na mabishano ya Bunge la Uingereza kuhusu gharama, ilhali mwalimu wa shule ya msingi, karani wa wizara na muuguzi wa zamu ya usiku, ambao kwa miongo mingi wamejaza mabehewa na mabasi kila Pasaka na kila Desemba, hutajwa kwa kupita tu chini ya jina la jumla la watalii wa ndani. Upungufu huo umezaa dhana potofu kwamba mapumziko ya aina hii ni mwigo hafifu wa likizo ya mgeni kutoka Ulaya. Ushahidi unaelekeza kwingine, kwa kuwa mapumziko haya yana asili yake yenyewe, na mipaka yake haikuwekwa na bei ya kitanda peke yake; iliwekwa zaidi na njia, yaani reli, vivuko, madaraja na vichochoro vinavyomfikisha mtu majini, pamoja na swali la nani ana haki ya kupita humo.

Kabla ya mtu yeyote kulipa ili aukalie, ufuo wa pwani hii ulikuwa mahali pa kazi. Hapo ndipo mitumbwi na madau yalipopandishwa ili yatiwe kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Hapo ndipo nyavu zilipoanikwa na samaki wakagawanywa. Na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kupita kawaida katika siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wanawake na watoto walishuka hadi miambani kutafuta pweza na chaza. Starehe nayo ilikuwapo, ingawa ilifungamana na kalenda na imani. Siku ya Nairuzi, mwaka mpya wa jua ambao Waswahili waliupokea kutoka kwa Waajemi, watu wa miji ya pwani waliteremka baharini kuoga mwaka, wakijiondolea nuksi za mwaka uliokwisha, kisha wakapika na kula pamoja. Na kwa kuwa mwaka huo una siku 365 bila siku ya kuongezwa kila baada ya miaka minne, tarehe yake husogea polepole, hivi kwamba katika miongo ya karibuni imeangukia mwezi wa Julai. Katika kuoga mwaka kulikuwa na mambo ambayo yangeonekana tena baadaye katika mazingira mengine kabisa: watu kushuka baharini kwa kundi, chakula cha kushirikiana, na ufuo ambao haukuwa na mlango wala mlinzi.

Utaratibu huo ulitikiswa na sheria za ardhi muda mrefu kabla ya kutikiswa na utalii. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ambao Sultani wa Zanzibar alikubali mwaka 1895 uendeshwe na Uingereza kwa malipo ya kila mwaka, na ambao kwa jina uliendelea kuwa wake hadi 1963, uliletewa mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mdai athibitishe umiliki wake mbele ya maofisa, huku ardhi isiyodaiwa ikihesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Waliozoea shughuli za maandishi, wakiwemo familia za Kiarabu na za Kiswahili zenye nafasi, wafanyabiashara wa Kihindi na Wazungu walionunua kutoka kwao, walitoka na hati; Wamijikenda wengi, waliokuwa wakiishi na kulima humo bila karatasi, walijikuta ni maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya kisheria juu ya mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Madhara ya dhuluma hiyo kwa wakulima yameandikwa na wengi. Kilichoandikwa kidogo ni athari yake kwa bahari, kwani viwanja vilivyopakana na maji, hasa vilipogawanywa na kuuzwa tena, vilienea kutoka barabarani hadi kwenye alama ya maji kujaa, kimoja kikikibana kingine, hivi kwamba mchanga wenyewe ulibaki wa umma ilhali ardhi ya kuufikia ikawa ya watu binafsi. Karibu kila mgogoro wa ufuo uliofuata una mzizi wake katika mpango huo.

Walioanza kuitumia pwani kwa mapumziko ya mara kwa mara walikuwa Wazungu wa nyanda za juu, na sababu yao ilikuwa ya kitabibu kabla haijawa ya starehe. Madaktari wa enzi hiyo waliamini kwamba kuishi mahali palipoinuka sana karibu na ikweta kulidhoofisha mishipa ya fahamu ya mtu mweupe, na wakawashauri walowezi washuke usawa wa bahari kila walipoweza. Reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901, ndiyo iliyoufanya ushauri huo utekelezeke. Si walowezi wote waliokuwa na fedha, hasa baada ya bei ya mazao kuanguka katika miaka ya 1930, na wengi wao walikaa katika mabanda ya makuti yaliyojengwa karibu na maji, wakaja na masanduku ya vyakula vya mashambani mwao na kujipikia badala ya kwenda hotelini, ingawa inafaa kueleza kwamba aliyepika, aliyefua na aliyeteka maji kwa kawaida alikuwa mtumishi Mwafrika aliyeletwa kutoka bara au kuajiriwa papo hapo kwa ujira mdogo, na kwamba unafuu wa likizo hiyo ulitoka kwenye jasho lake. Aina ya malazi iliyokuja kupendwa na vijana wa Kenya miongo mingi baadaye, yaani nyumba ya kupanga kwa siku chache yenye jiko lake, ilianzia hapo.

Kufika kwenye mabanda hayo kulihitaji kuvuka maji, kwa kuwa Mombasa ni kisiwa na pwani ya kaskazini na ya kusini imekatwa na hori, yaani mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi kavu. Upande wa kaskazini, daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, nalo lilikuwa mali ya kampuni binafsi iliyotoza ushuru kwa waliovuka. Mtwapa palikuwa na pantoni iliyovutwa kwa mnyororo na wanaume waliokwenda kwa wimbo, wakipiga hatua kwa mdundo na kutunga maneno ya kuwasifu abiria ili wapate bahashishi. Wasafiri Wazungu waliukumbuka wimbo huo kuliko waliouimba, jambo la kusikitisha, kwa kuwa majina ya watunzi hao yangekuwa na thamani kubwa leo katika historia ya ushairi wa kazi. Kilifi nako pantoni iliendelea kuvusha magari hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Mwenye safari ya Malindi, ambako hoteli ya Lawford's ilianza mwaka 1934, alipaswa kuhesabu vivuko kabla ya kuhesabu fedha za chumba.

Vita Kuu ya Pili viliongeza umuhimu wa pwani, kwa kuwa wanajeshi walihitaji mahali pa kupumzika na walowezi hawakuweza kusafiri kwenda Ulaya. Muda mfupi baada ya vita, mwaka 1946, hoteli ya Nyali Beach ikafunguliwa. Katika kipindi hicho chote Mwafrika hakuweza kuwa mgeni wa hoteli za namna hiyo, na Mhindi naye hakukaribishwa katika nyingi kati yake. Ndani ya garimoshi ubaguzi huohuo ulijionyesha katika madaraja matatu, ambayo kwa mazoea yalilingana na rangi za abiria, la kwanza likiwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu, lenye mabenchi, la Waafrika. Aidha, tangu mwaka 1920 hivi mwanamume Mwafrika aliye mtu mzima alilazimika kubeba kipande, kitambulisho chenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira kilichotundikwa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati, na ingawa mfumo huo uliondolewa mwaka 1947, Hali ya Hatari ya mwaka 1952 iliwaletea Wakikuyu, Waembu na Wameru vizuizi vipya vya kusafiri. Safari ya burudani inahitaji ruhusa ya kutokuwa kazini, na ruhusa hiyo ndiyo utawala wa kikoloni ulikuwa mgumu kuitoa.

Hata hivyo, Waafrika wa bara walikuwa wakifika Mombasa kwa maelfu, na historia ya mapumziko yao haina budi kuanzia kwa wafanyakazi wa bandari na reli. Wakamba, Wataita, Waluo, Waluhya na Wakikuyu waliovutwa na kazi za Kilindini walipanga vyumba Majengo, Changamwe na Likoni, mara nyingi katika nyumba ya Kiswahili, yaani nyumba ya chini yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wa nyuma wenye jiko na choo vya kushirikiana. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake na kila mpangaji alikuwa na ndugu. Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliosimamisha shughuli za mji na kumpa umaarufu Chege Kibachia wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ulitokana kwa sehemu kubwa na ujira usiolingana na kodi za vyumba hivyo. Lakini katika vyumba hivyohivyo ndimo mdogo wa mpangaji aliyefunga shule, binamu aliyekuja kutafuta kazi na rafiki wa kijijini walimotandikiwa mkeka, na Jumapili wakapelekwa kuiona bahari. Malazi hayo hayakuwa na bei. Yalilipwa kwa gunia la mahindi au kuku aliyeletwa kutoka nyumbani, na kwa wajibu wa kumpokea mwenyeji au mwanawe atakapopita upande wa pili. Mtandao huu wa ukarimu, uliokuwa ukifanya kazi kabla ya hoteli yoyote kumfungulia Mwafrika mlango, ndio nyumba ya wageni ya kwanza ya Mkenya wa kawaida katika pwani, na kwa wengi haujafungwa hadi leo.

Baada ya uhuru, madaraja ya garimoshi yalibaki matatu lakini yakagawanywa kwa nauli badala ya rangi, na garimoshi la usiku kati ya Nairobi na Mombasa likawa chombo kikuu cha likizo ya watu wenye mshahara wa wastani. Liliondoka Nairobi jioni, kwa miaka mingi saa moja, na likawasili Mombasa asubuhi ya pili, au karibu na adhuhuri lilipochelewa, na katika miaka ya mwisho lilichelewa mno. Daraja la pili ndilo lililopendwa na makundi ya marafiki, kwa sababu chumba chake kilikuwa na vitanda vya kukunjua, vinne au sita kulingana na behewa, na kanuni ya shirika la reli iliwatenganisha wanaume na wanawake isipokuwa pale kundi moja lilipokata tiketi za chumba kizima. Kanuni hiyo, iliyotungwa kwa ajili ya heshima, ilikuwa na matokeo ambayo watunzi wake hawakuyakusudia: iliwahimiza vijana wakamilishe idadi, wamtafute wa nne au wa sita, wakusanye nauli mapema na kumteua mmoja wa kwenda kupanga foleni stesheni. Mweka hazina wa safari, ambaye leo ni mtu wa lazima katika kila kundi la marafiki, alikuwa na kazi hii tangu wakati huo.

Usiku mhudumu alipita ukumbini akigonga kengele kuita abiria wa zamu ya kwanza ya chakula, huku wasiotaka kulipia mezani wakifungua mikate, mayai ya kuchemsha na chupa za chai walizobeba. Mwanga wa alfajiri uliwakuta katika nyika ya Taru, na baada ya Mariakani, reli ikiteremka kuelekea Mazeras, minazi ilianza kuonekana, madirisha yakafunguliwa, na hewa yenye unyevu wa chumvi ikaingia. Kwa mtu wa Nyeri au Kisii aliyezaliwa katika baridi ya milima, saa mbili hizo za mwisho zilikuwa sehemu ya likizo yenyewe, na ni hasara kwamba treni ya mchana ya siku hizi, kwa ubora wake wote, haiwezi kumpa msafiri mapambazuko hayo.

Basi lilishindana na garimoshi kwa nauli na kwa muda, hasa baada ya barabara ya takriban kilomita 480 kutiwa lami, na kampuni kama Coast Bus zikajenga jina kwa safari za usiku zilizomwezesha mfanyakazi kutoka kazini Ijumaa na kuwa Mombasa asubuhi ya Jumamosi. Hatari ya mwendo huo wa usiku haikuwa ndogo, na serikali ilifikia kuupiga marufuku mwishoni mwa mwaka 2013 kabla ya kulegeza amri hiyo.

Kule walikofikia, ufuo haukuwa wazi kama ramani ilivyoonyesha. Shirika la Maendeleo ya Utalii la Kenya liliundwa mwaka 1965 ili kuingiza mtaji wa umma katika hoteli. Ndege za kukodi kutoka Ujerumani na Uswisi zikaanza kuleta wageni waliolipa safari, chumba na chakula kwa pamoja. Na uwanja wa ndege wa Mombasa ulipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ndege kubwa za Ulaya ziliweza kutua bila kupitia Nairobi. Hoteli zikajipanga Nyali, Bamburi, Shanzu, Diani na Watamu juu ya viwanja vilevile vilivyotokana na hati za zamani. Kila hoteli ilijenga ukuta na lango, na mpita njia wa Kiafrika asiye na sare ya kazi alizoea kuulizwa langoni anakwenda kwa nani, malalamiko ambayo yamesikika bila kukoma katika magazeti na mabunge ya nchi hiyo.

Ndiyo maana Bamburi, katika kipande kifupi kilichobaki kuwa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, palijaa watu kupita kiasi. Wenyeji wengi hupaita Pirates, kutokana na ukumbi wa starehe uliokuwa karibu, na kwa kizazi baada ya kizazi cha Wakenya wa bara hapo ndipo bahari ilipo. Basi la shule lililowapitisha wanafunzi Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na kwenye msitu ulioanza kuoteshwa na René Haller mwaka 1971 ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, lilimalizia hapo. Uchumi uliojengeka juu ya mchanga huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kila huduma yake imepimwa kulingana na mfuko wa mtu mwenye fedha kidogo. Tyubu ya ndani ya tairi la lori, iliyozibwa viraka na kujazwa upepo, hukodishwa kwa muda kwa asiyejua kuogelea, na mwenye tyubu husimama maji ya kiuno akiwatazama wateja wake. Nguo za kuogelea nazo hukodishwa, na mwenye banda hutunza viatu na mikoba kwa ada ndogo. Ngamia huongozwa kwa kamba hatua chache kwenda na kurudi, na mpiga picha, ambaye zamani alibeba kamera ya picha za papo hapo na sasa hubeba mashine ndogo ya kuchapia, humrekodi mteja akiwa juu yake. Vyakula ni muhogo wa kukaanga uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, viazi karai, mahamri na mbaazi, mabuyu yaliyopakwa rangi na sukari, pamoja na madafu yanayofunguliwa kwa panga mbele ya mnunuzi. Mtu anaweza kushinda hapo tangu asubuhi hadi magharibi bila kutumia zaidi ya bei ya kinywaji kimoja cha hotelini, na waliouona msongamano huo kuwa aibu kwa utalii hawakujiuliza kwa nini umati wote ulilazimika kupita katika mlango mmoja.

Pwani ya kusini ilikuwa na kizuizi chake, nacho ni mlango wa Kilindini, unaovukwa kwa feri za Likoni. Mwenda kwa miguu havukishwi kwa malipo, na kwa hiyo kundi lisilo na gari lilifika Tiwi na Diani kwa nauli ya matatu tu, wakati wenye magari walikaa foleni kwa saa nyingi kila Desemba. Vivuko hivi vimewahi kugharimu maisha ya watu wengi: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyokuwa imepakia kupita uwezo wake, ilipinduka na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakielekea kisiwani asubuhi. Njia ambayo mgeni huipita mara mbili kwa mwaka ndiyo ambayo mwenyeji huipita mara mbili kwa siku, na historia ya mapumziko isiyolikumbuka hilo ina kasoro.

Bei za pwani, kwa upande wake, zilitawaliwa na pepo. Kaskazi, upepo unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto, anga safi na bahari tulivu, na huambatana na majira ya baridi ya Ulaya, hivyo hoteli zilijaa na bei zikapanda. Kusi, unaoanza baada ya hapo na kuvuma hadi karibu na Septemba, huja na mvua za masika, huchafua bahari na kurundika mwani ufuoni. Wageni walipotea, na baadhi ya hoteli zilifunga milango kwa matengenezo. Likizo za shule za Aprili na Agosti ziliangukia kipindi hicho, na hoteli ambazo vyumba vyake vilikaa vitupu zilianza kutangaza bei nafuu kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu, basi, Mkenya aliuziwa bahari ya kusi na mgeni akauziwa ya kaskazi. Kuundwa kwa baraza la utalii wa ndani mwaka 1984 kulitambua rasmi soko hilo, lakini hakukubadilisha mpangilio wake, kwani Mkenya aliendelea kuitwa pale tu mgeni alipokosekana.

Waliokataa mpangilio huo walikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kanamai, eneo la Kikambala, Baraza la Kitaifa la Makanisa la Kenya lilikuwa na kituo cha mikutano ambacho vyumba vyake vya kawaida vilipokea vikundi vya vijana, kwaya na familia. Tiwi palikuwa na kambi za mahema zilizopendwa na wasafiri wa masafa marefu wanaolivuka bara kwa malori. Na Lamu, tangu mwisho wa miaka ya 1960, vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mifuko mitupu walilala juu ya madari ya nyumba za mawe kwa fedha kidogo. Wenyeji wa Lamu hawakuwa na neno na umaskini wa wageni hao. Walichukizwa na uchi wao ufuoni na bangi, katika mji wenye misikiti mingi na mila za staha, na mvutano huo ulionyesha mapema kwamba unafuu wa mgeni unaweza kumgharimu mwenyeji kwa namna isiyoandikwa katika bili.

Misukosuko ndiyo iliyomleta mtalii wa ndani katikati ya hesabu za hoteli. Mapigano ya Likoni ya Agosti 1997, shambulio la bomu dhidi ya hoteli ya Paradise huko Kikambala tarehe 28 Novemba 2002, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na maonyo ya usafiri ya mwaka 2014, yaliyofanya mamia ya wageni Waingereza waondolewe Mombasa kwa ndege, kila moja liliziacha hoteli bila wateja na maelfu ya wafanyakazi bila ajira. Katika mwaka huo wa 2014 serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa waajiri watakaowalipia wafanyakazi likizo ndani ya nchi. Hatua hiyo ilikuwa njema, ingawa ilimlenga mtu mwenye mwajiri mkubwa, wakati ambapo mabadiliko yenye uzito zaidi yalikuwa yakifanywa na wasio na mwajiri wa namna hiyo.

Mabadiliko hayo yaliletwa na uchangaji. Desturi ya chama, yaani kikundi kinachokusanya michango ya kawaida na kuigawa kwa zamu au kwa lengo maalumu, ilikuwa ya zamani miongoni mwa wanawake wa Kenya, na M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, iliiondolea ulazima wa kukutana ana kwa ana. Vijana wanane wanaoishi miji tofauti waliweza kuweka fedha kidogo kidogo tangu Juni kwa ajili ya Desemba, huku orodha ya waliolipa ikisomwa na wote katika simu. Tarehe 31 Mei 2017 Madaraka Express ilipoanza kusafirisha abiria katika reli mpya, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700 na safari ilichukua takriban saa tano, baada ya garimoshi la zamani la usiku kusimamishwa mwezi uliotangulia. Tiketi za Desemba zilikwisha wiki nyingi kabla. Nauli ilipanda baadaye hadi shilingi 1,000, na kuanzia Januari 2024 hadi 1,500, na kwa kuwa stesheni ipo Miritini, mbali na ufuo, makundi hayakukwepa kuongeza nauli ya matatu katika hesabu zao.

Kwa fedha hizo makundi hayakukimbilia hoteli. Yalipanga nyumba nzima Mtwapa, Nyali, Bamburi na Diani, watu wawili au watatu kwa chumba, wakanunua samaki kutoka kwa wavuvi na mboga sokoni Kongowea, wakapika kwa zamu na kugawana gharama ya maji na umeme. Wenye nyumba walitambua upesi kwamba kodi inafuata umbali na bahari: safu ya kwanza, inayopakana na mchanga, ni ghali, na safu ya pili, iliyo ng'ambo ya barabara, inaweza kukodishwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo hata kama nyumba zenyewe zinafanana.

Tofauti hiyo inategemea kichochoro. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, na kwa hiyo mchanga wa mbele ya hoteli yoyote ni wa mpangaji wa safu ya pili sawasawa na ulivyo wa mgeni wa chumba cha bei ya juu. Lakini ibara hiyo haichori njia ya kupita kutoka barabarani. Njia zilizotengwa katika ramani za upimaji, zenye upana wa mita chache kati ya kuta mbili, baadhi zimebaki wazi, baadhi zimewekwa malango yanayofungwa jioni, na baadhi zimemezwa na majengo, na serikali za kaunti na tume za ardhi zimekuwa zikitangaza kuzifungua tena mara kwa mara, kwa mafanikio yasiyolingana. Anayetaka kujua nyumba ya safu ya pili huko Diani au Bamburi itagharimu kiasi gani msimu ujao anaweza kuanza kwa kuuliza kama kichochoro kilicho karibu nayo bado kinapitika, na wavuvi, ambao hupita humo na nyavu zao kila siku kabla ya jua kuchomoza, ndio wenye jibu la uhakika zaidi.